Spika Mbili, Mwanamuziki Mmoja: Mono au Sterio?

Katika sherehe za shule, arusini na mahotelini, mara nyingi huonekana mwanamuziki mmoja anayeimba huku akipiga kinanda cha umeme au gitaa, bila ya bendi. Vyombo vyake ni vichache: maikrofoni, amplifaya na spika mbili, moja kushoto na moja kulia kwa jukwaa. Kabla ya kuanza humbidi aamue jambo moja. Je, spika zote mbili zitoe sauti ile ile, yaani mfumo wa mono, au kila moja itoe sehemu yake ya muziki, yaani mfumo wa sterio? Wengi huchagua sterio kwa kudhani kwamba kinachofaa nyumbani hufaa pia ukumbini. Sayansi ya sauti huonyesha kwamba uamuzi huo waweza kuwanyima wasikilizaji wengi sehemu ya muziki waliokuja kuusikiliza.

Masikio mawili

Binadamu hutambua sauti inakotoka kwa kutumia masikio yote mawili. Sauti husafiri hewani kwa mwendo wa karibu mita 340 kwa sekunde. Ikitoka kushoto, hulifikia sikio la kushoto kwanza. La kulia hulifikia baada ya muda mfupi mno, kiasi cha milisekunde 0.7 kwa wingi wake. Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde. Aidha, kichwa hulikinga sikio la upande wa pili, hasa kwa sauti za juu. Ubongo hulinganisha tofauti hizo na kuamua upande.

Mhandisi Mwingereza Alan Blumlein alitumia tabia hiyo ya masikio katika mfumo wa sterio aliouombea hataza mwaka 1931. Msikilizaji aliye katikati, kwa umbali ulio sawa kutoka kila spika, huweza kumsikia mwimbaji kana kwamba amesimama mbele yake, mahali pasipo na spika yoyote. Huo ndio uzuri wa sterio, na udhaifu wake pia umo humo: ni lazima msikilizaji awe katikati.

Aliyekaa pembeni

Tuseme spika zimeachana kwa mita 6, na msikilizaji amekaa mbele ya spika ya kushoto, mita 8 kutoka ilipo. Kwa kanuni ya Pythagoras, umbali wake kutoka spika ya kulia ni mita 10. Sauti ya kulia husafiri mita 2 zaidi, na kwa hiyo huchelewa kwa karibu milisekunde 6. Mwaka 1949, katika tasnifu yake kwenye Chuo Kikuu cha Göttingen, Ujerumani, Helmut Haas alichunguza jambo hilo. Sauti mbili zinazofanana zikifuatana kwa muda mfupi namna hiyo, sikio huzipokea kama sauti moja, iliyotoka kule kulikotangulia. Kwa mtu huyo, basi, mwimbaji hayuko katikati tena. Yumo ndani ya spika ya kushoto.

Hasara huzidi kinanda kinapotoa noti za chini kushoto na za juu kulia. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili, kiwango cha sauti hupungua kwa desibeli 6. Aliye mita 2 kutoka spika ya kushoto na mita 8 kutoka ya kulia hupungukiwa na desibeli 12 za upande wa kulia. Yeye husikia besi tele, na wimbo wenyewe kwa mbali.

Mono nayo ina gharama

Mfumo wa mono humpa kila mtu muziki wote, lakini spika mbili zinazotoa sauti ile ile huleta tatizo la kuingiliana kwa mawimbi. Katika mfano wa kwanza, tofauti ya mita 2 ni nusu ya wimbi lenye urefu wa mita 4, yaani sauti ya hezi 85. Kilele cha wimbi moja hukutana na bonde la jingine, na sauti hiyo hufifia. Hali kadhalika kwa hezi 255, 425 na kuendelea.

Kwa hiyo, kama ukumbi ni mdogo, spika moja iliyoinuliwa juu ya vichwa, karibu na mwanamuziki, hutosha. Kama ni mpana, spika mbili za mono hufaa zaidi. Vinanda vingi vina tundu la kushoto lililoandikwa L/MONO. Waya ukichomekwa hapo peke yake, pande zote huunganishwa. Inafaa kujaribu kwanza, kwa maana baadhi ya sauti za piano zilizorekodiwa kwa sterio hufifia zinapounganishwa.

Jaribio la shuleni

Wanafunzi waweke spika mbili uwanjani, mbali na kuta, zikiachana kwa mita 2, na zote zitoe mlio mmoja wa hezi 340. Urefu wa wimbi hilo ni mita 1. Mwanafunzi azibe sikio moja na kutembea kwenye mstari ulio mita 4 mbele ya spika. Katikati atasikia mlio mkubwa. Akifika karibu mita 1 kando, mbele ya spika mojawapo, mlio utafifia. Akiwa hapo hapo, spika ya mbali izimwe. Mlio utaongezeka, ingawa spika inayolia sasa ni moja tu.

Mwanamuziki akilishuhudia jambo hilo mara moja, hatahesabu tena ubora wa vyombo vyake kwa wingi wa spika. Atashuka jukwaani kabla ya watu kuingia, akae kwenye kiti cha pembeni kabisa, na kusikiliza kile ambacho mwenye kiti hicho atakisikia.