Ndege Wenye Ghala ya Ukoo

Katika jimbo la California, upande wa magharibi wa Marekani, viko vilima vya nyasi vyenye mialoni mikubwa iliyoachana. Huko juu, katika bonde la Carmel, Chuo Kikuu cha California kina hifadhi iitwayo Hastings, iliyoanzishwa mwaka 1937. Tangu mwaka 1968 wataalamu huketi humo na darubini zao wakimtazama hasa ndege mmoja, naye ni kigogota wa mialoni.

Ndege huyu ana mgongo mweusi, macho meupe na utosi mwekundu. Hutoboa vitundu katika mti, na majira ya majani kupukutika yafikapo, hushindilia njugu moja ya mwaloni katika kila kitundu. Mti mmoja huweza kuwa na maelfu ya vitundu, na kazi hiyo ni urithi wa vizazi vingi. Njugu ikikauka hunywea na kulegea. Basi ndege huihamishia katika kitundu kidogo zaidi, wezi wasije wakaing'oa.

Ghala hiyo hulindwa na ukoo mzima. Ili kumtambua kila mmoja, wataalamu huwavika ndege pete za rangi miguuni. Ndipo ilipojulikana kwamba vijana wengi hawaondoki mara wawezapo kuruka, bali hukaa hata miaka kadhaa wakiwalisha wadogo zao.

Hata hivyo, udugu huo una mpaka. Majike wawili, aghalabu walio ndugu, wakishiriki kiota kimoja, yule ambaye hajaanza kutaga huyatoa nje mayai ya mwenzake na kuyaharibu. Amani huja wote wawili wanapotaga.

Mwaka ambao mialoni haikuzaa vema, akiba huisha na ndege huhama. Na mti wa ghala ukiangushwa na dhoruba, kazi ya miaka mingi hupotea kwa usiku mmoja. Mwaloni mwingine hauwezi kushika nafasi yake upesi, kwa kuwa miti hiyo hukua polepole, na mahali pengi katika California miche michache tu huokoka meno ya ng'ombe, paa na panya. Kwa hiyo, atakaye kumwona kigogota huyu miaka ijayo hana budi kuulinda na mche mdogo uliofichwa na nyasi.