Manowari za Angani: Nani Kashinda kwa Umbo?

Angani hakuna hewa wala mawimbi. Chombo hakihitaji mbawa, wala omo iliyochongoka ya kupasua maji. Mbunifu wa manowari za hadithi anabaki na maswali mawili magumu: injini zisukume kutoka wapi, na mizinga ielekee wapi?

Iliyong'ang'ania bahari kuliko zote ni Yamato ya katuni ya Kijapani ya 1974, iliyoiga meli halisi ya vita iliyozamishwa tarehe 7 Aprili 1945. Inapendeza mno, ila mizinga yake mikuu imepangwa juu ya sitaha. Adui akija kutoka chini, sharti meli ijiviringishe kwanza.

Kwa kutisha, namba moja ni Star Destroyer ya filamu ya 1977. Katika hadithi ina urefu wa mita 1,600. Modeli iliyopigwa picha haikufika hata mita moja. Umbo lake la kabari lina maana yake: kwa kuwa mwili hupungua upana kuelekea mbele, mizinga ya nyuma haizibwi. Ila mnara wa nahodha umechomoza kama shabaha.

Kwa ukubwa, Death Star ya filamu hiyo hiyo imeiacha mbali: tufe la kipenyo cha kilomita 160. Mchoraji wake, Colin Cantwell, alisimulia kwamba nusu mbili za modeli zilisinyaa pale zilipoungana. Kuziba kungekula siku nyingi, akamshauri mwongozaji George Lucas pawe na mtaro. Ni ndani ya mtaro wa aina hiyo vita vikuu vya filamu vilipopiganwa.

Lakini kwa akili, taji nampa Starfury wa tamthilia ya televisheni ya Babylon 5, kazi ya Ron Thornton na Steve Burg. Injini zimewekwa kwenye ncha za mikono minne, mbali na kitovu cha uzito, kwa kanuni ileile ya mtaimbo: ukishika mbali, nguvu kidogo hugeuza mzigo mkubwa. Rubani huzungusha chombo papo hapo na kumfyatulia anayemfukuza, huku mwendo ukiendelea kule kule. Hakuna breki, hakuna kona ya ndege. Nilipoelewa hilo, vita vingine vyote vya angani vilianza kunikera.

Na halisi? Kituo cha Kisovieti Salyut 3 kilifyatua mzinga mwaka 1975. Ulikuwa umefungwa imara mwilini, hivyo kulenga kulitaka kituo kizima kigeuzwe.