Ukingo wa Sakafu Inayoelea

Sakafu inayoelea ni sakafu ya mbao ambayo haikupigiliwa misumari wala kugandishwa kwa gundi kwenye zege. Vipande vyake hushikana vyenyewe, ulimi wa kimoja ukiingia katika mfuo wa kingine, na sakafu nzima hulala juu ya tandiko jembamba la povu. Kwa kuwa haikufungwa popote, hutanuka na kusinyaa kwa pamoja, na ndiyo sababu fundi huacha nafasi tupu ya milimita 8 hadi 12 kati yake na kila ukuta. Plenti, yaani ubao mwembamba unaozunguka chumba pale ukuta unapokutana na sakafu, huifunika nafasi hiyo isionekane, lakini haipaswi kamwe kuizuia sakafu isitembee.

Katika nyumba iliyo mtaa wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi, jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya majira. Mji huo uko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na mvua zake, ambazo huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili, hufuatwa na miezi ya kiangazi ambayo karibu haina mvua kabisa. Mti hufuata hewa inayouzunguka: penye unyevu wa asilimia 30, maji yaliyomo ndani ya ubao hutulia kwenye asilimia 6 hivi ya uzito wake mkavu, na unyevu ukifika asilimia 80 maji hayo hukaribia asilimia 16. Ubao huvimba zaidi kwa upana, huku urefu wake ukibadilika kidogo mno.

Kwa hiyo mwezi wa kazi nao ni kipimo. Sakafu iliyotandikwa Septemba imesinyaa hadi mwisho, na ifikapo Januari itakuwa imesogea kuelekea kuta. Ile iliyotandikwa Februari, kinyume chake, itaondoka ukutani kiangazi kikikolea. Tuseme chumba kina upana wa mita 4 na sakafu yake husinyaa milimita 1.5 kwa kila mita: upana wote utapungua milimita 6, yaani 3 kila upande, na nafasi iliyoachwa milimita 10 itakuwa 13. Plenti yenye unene wa milimita 12 itaacha mstari mweusi chini yake, ilhali ya 15 itaufunika.

Kosa kubwa kuliko yote ni kupigilia plenti kwenye sakafu. Upande mmoja ukishikwa, mwendo wote huelemea upande wa pili, viungo vikaachana wakati wa ukavu au mbao zikainuka katikati ya chumba wakati wa mvua, na mwenye nyumba akalaumu mbao ambazo hazina hatia. Plenti ifungwe ukutani tu. Kwa kuwa msumari hupasua lipu ya ukuta wa matofali, ni afadhali kutoboa kwa drili, kutia plagi ya plastiki na kukaza skrubu, huku kipande cha karatasi ngumu kikiwa chini ya plenti, ambacho huondolewa kazi ikiisha ili sakafu iteleze bila kubanwa.

Kwenye pembe, vipande viwili hukatwa kwa nyuzi 45, ingawa kuta zilizonyooka kikamilifu ni chache na ni vyema kupima kila pembe. Mlangoni hapawekwi plenti. Mguu wa fremu ya mbao hukatwa kwa msumeno uliolazwa juu ya kipande cha sakafu hiyohiyo, ili mbao zipite chini yake. Palipo na ukingo wa zamani wa vigae, si lazima kuubomoa, kwani ubao mdogo wa robo duara huweza kufungwa juu yake.

Jambo la mwisho ni mchwa, ambao vichuguu vyao virefu vimezagaa katika eneo la Katanga, uliko mji huo wa Lubumbashi, hata udongo wa vichuguu hivyo ukafyatuliwa matofali ya kujengea nyumba. Nafasi iliyo nyuma ya plenti, yenye giza na utulivu, ni njia iliyo tayari kwao. Plenti iliyofungwa kwa skrubu hufunguliwa na kurudishwa bila kuvunjika, na inafaa mafundi waifungue mara kwa mara, hasa kwenye kuta zinazopakana na bustani, kutafuta vijia vya udongo.