Kichujio cha Lenzi na Weusi wa Picha ya Projekta

Kichujio cha lenzi, ambacho wapiga picha hukiita filta, ni kioo cha rangi kinachowekwa mbele ya lenzi ya projekta ili kuzuia mwanga usiohitajika. Hakiongezi mwanga hata chembe, huupunguza. Faida yake huonekana penye giza: usiku wa filamu huwa usiku kweli, na nywele nyeusi haziwi kijivu.

Tatizo huanzia kwenye taa. Projekta nyingi za nyumbani zisizo za leza wala LED hutumia taa ya zebaki ya aina iliyoletwa na Philips mwaka 1995. Taa hiyo hutoa kijani na buluu kwa wingi, lakini nyekundu yake ni haba. Ili nyeupe ifikie kipimo cha kawaida cha video, kelvini 6500, mtumiaji hushusha kijani na buluu kwenye menyu. Hapo nyeupe hufifia, lakini nyeusi haibadiliki, kwa sababu weusi wa projekta ni mwanga unaovuja ndani ya mashine, na menyu haiufikii.

Kichujio chekundu chenye alama CC30R huzuia takriban nusu ya kijani na buluu, kikaiacha nyekundu ipite. Kwa kuwa kiko nje ya lenzi, hupunguza hata ule mwanga unaovuja. Kisha kijani na buluu hupandishwa tena kwenye menyu: nyeupe hubaki karibu ilivyokuwa, nyeusi hukolea. Kichujio cha kijivu cha ND2 hupunguza rangi zote kwa nusu, na hufaa projekta yenye mwanga mkali mno kwa skrini ndogo. Projekta za leza na LED hazitumii taa ya zebaki, hivyo kichujio chekundu huenda kisizifae.

Chumba nacho kina sehemu yake. Katika nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo, kuta zilizopakwa chokaa huurudisha mwanga kwenye skrini na kuharibu weusi uliopatikana. Kitambaa cheusi kwenye kuta na dari karibu na skrini hutangulia kichujio. Katika kibanda umiza, yaani banda la kuonyeshea video, wakati wa mchana, mwanga ukipenya kwenye makuti, kichujio huifanya picha kuwa hafifu zaidi. Uwanjani vilevile, kwanza giza liingie.

Kioo kinachofaa ni kipana kuliko mwale wa projekta, kina utando wa kuzuia mng'ao, na hakizibi matundu ya hewa. Pwani, upepo wa bahari huleta chumvi, na unyevu huotesha ukungu kwenye vioo. Vumbi hupulizwa kwanza, ndipo kioo kifutwe kwa kitambaa laini; kufuta chumvi ikiwa kavu hukikwaruza. Kisipotumika, kichujio huhifadhiwa kwenye kopo lisilopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu.