Mahari Iliyobaki

Ndoa ikifungwa Unguja, mahari hutajwa mbele ya mashahidi: ni kiasi gani, kipi kimetolewa taslimu na kipi kimebaki. Vijijini si fedha tupu; mara nyingi huwemo kitanda na godoro, pengine na kabati. Kilichobaki ni deni la mume. Akifa, hutolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana. Akiacha, anadaiwa. Hayo anayajua imamu na anayajua mtoto wa chuoni, lakini mtafute mwanamke aliyeachwa akalipwa yote bila ya kuhangaika, utamtafuta sana.

Wala si mahari peke yake. Katika eda ya talaka rejea mume anamlisha mkewe na kumpa makaazi. Talaka zikitimia tatu, kwa madhehebu ya Kishafii yanayofuatwa pwani, makaazi yanabaki juu yake ila chakula kinakatika, isipokuwa mke awe mjamzito. Lipo kiliwazo, fungu la kumtuliza aliyeachwa bila ya kosa lake. Akiwa ananyonyesha, ana haki ya ujira. Matunzo ya watoto ndiyo hayana mjadala. Ila mila inaanza kuharibu mapema: mara nyingi aliyeachwa hufunga nguo zake akarudi kwao siku ile ile, na mchele wa eda ukatoka katika ghala ya baba au kaka, ambaye hakuacha mtu.

Kudai ndiko kunakohesabiwa ukosefu wa haya. "Mwachie, mwanangu, Mungu atakulipa," mama humwambia binti yake, na anasema kwa huruma. Mume naye baraza huwa imemtetea kabla hajafungua mdomo: kamwacha kwa heri, anadaiwa nini tena? Na pale waliooana ni mtu na binamu yake, jambo lililozoeleka sana huku, kumshitaki mume ni kumshitaki mtoto wa ami, na ami ndiye atakayekuzika. Tunaisifu sana stara, nami naipenda, lakini inashangaza jinsi inavyomgharimu mmoja tu kati ya wawili.

Kisha kuna kununua talaka. Mume akiacha kwa hiari yake, deni linabaki kwake. Mke akitaka kutoka kwa khuluu, yeye ndiye anayetoa mali. Sheria hiyo ina busara yake. Lakini wapo wanaume walioifanya mtego. Mtu anamtelekeza mkewe, haleti matumizi, haandiki talaka, anangoja. Anajua mwanamke atachoka aje mwenyewe kuomba, na akija ataambiwa arudishe mahari, au asamehe iliyobaki. Deni lililowekwa limzuie mume asiache ovyo linakuwa ndiyo bei ya mke kujikomboa. Sijui hila ya ndoa iliyo kongwe kuliko hii, na haikatazwi barazani. Hucheka tu watu.

Kadhi mwenye macho huiona. Huuliza kwanza nani alianza kuivunja ndoa: mume akiwa hakutoa matunzo, ipo faskhi, yaani kadhi mwenyewe kuivunja ndoa, na mahari inabaki deni. Mwanaanthropolojia wa Marekani, Erin Stiles, alikaa katika mahakama ya kadhi kaskazini mwa Unguja na kuandika kitabu mwaka 2009. Wengi wa waliofungua kesi aliwakuta ni wanawake. Susan Hirsch, katika kitabu chake cha 1998, alikuwa ameona hivyo hivyo Mombasa na Malindi, tena akaona kwamba mara nyingi wanawake hao hushinda. Yule anayeambiwa asubiri ndiye anayekwenda kwa sheha kutaka barua, na barua ile akaifikisha kwa kadhi. Haya inaisha watoto wakilala na njaa.

Nyumba ndiyo nzito zaidi. Mwani ulianza kulimwa kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na mikononi mwa wanawake ikaingia fedha ambayo mama zao hawakuwa nayo. Mabati mengi ya pwani ya mashariki yametokana na mwani. Lakini kiwanja ni cha ukoo wa mume, na talaka ikitoka, mke anaondoka na vyombo vyake, nyumba anaiacha. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imempa kadhi uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, mradi mchango uthibitishwe. Uthibitishwe vipi? Hakuna mke anayemwandikisha mumewe kwa mifuko minne ya saruji. Bara nako walipita hapo: katika kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango, ila yeye mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa ilionekana mtaji wa biashara aliopewa na mumewe kaufuja. Kesi yake imewafaa wengi waliokuja baadaye.

Somo humfunza bibi harusi udi, singo na namna ya kumpokea mume. Asingepungukiwa na kitu akimwambia pia aweke stakabadhi za bati.

Kwa watoto, mahakama hupanga kiasi cha mwezi. Lakini anayechokoa pweza husubiri bamvua, na mvuvi wa dagaa huchuma kwenye giza. Mbalamwezi ikitanda, boti zinalala. Mwisho wa mwezi ukiangukia hapo, hata baba mwema hana kitu, na baba mbaya ana kisingizio. Zamani wengi walipitisha fedha mahakamani, karani akaandika na mama akatia saini. Siku hizi hutumwa kwa simu, na ujumbe ule ni ushahidi kuliko shahidi yeyote wa barazani. Ugomvi umebaki kwenye vitu: baba analeta kilo tano za mchele, viatu vya skuli na pakiti ya biskuti, kisha anataka vyote vikatwe katika matunzo. Mimi ningekata mchele kwa bei ya duka, na viatu pia. Biskuti nisingezihesabu.