Ioni si elektroni: Neno moja lilivyolipua betri ya mti

Juzi mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea tafsiri ya makala ya kisayansi. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika: “Selulosi ya mti sasa inapitisha umeme.” Nikamwambia, “Hapa, mwanangu, umeilipua betri.”

Hebu tuelewane. Betri ya simu yako ina ncha mbili, hasi na chanya. Simu inapotumika, elektroni hutoka kwenye ncha hasi, zikapitia saketi ya simu, na huo ndio umeme tunaouzungumzia kila siku. Wakati huohuo, ioni za lithiamu husafiri ndani ya betri zikipitia elektroliti. Elektroliti basi ni kama bawabu: huziruhusu ioni, huzizuia elektroni. Elektroni zikipenya humo ndani, betri hujimaliza yenyewe, hupata joto na hata kuwaka.

Elektroliti nyingi za leo ni kiowevu kinachoshika moto upesi. Ndiyo maana wanasayansi wanasaka iliyo yabisi. Tangu miaka ya 1970 imejulikana kuwa baadhi ya polima, yaani molekuli ndefu zilizoungana mithili ya shanga uzini, hupitisha ioni zikichanganywa na chumvi. Tatizo ni kwamba ioni hutambaa humo polepole mno.

Mwaka 2021, watafiti wa vyuo vikuu vya Maryland na Brown, Marekani, walieleza katika jarida la Nature walivyotumia selulosi ya mbao. Nyuzi za selulosi hubanana sana. Walipotia shaba, zikaachana kidogo, na ioni za lithiamu zikapata njia. Selulosi hiyo ilipitisha ioni mara 10 hadi 100 kuliko polima nyingine.

Sasa turudi kwa kosa la mwanafunzi wangu. Tumezoea kusema “kupitisha umeme” kwa waya, kwa maji ya chumvi, kwa kila kitu. Kwa fundi wa nyumba, sawa. Kwa elektroliti, usemi huo unageuza maana juu chini, kwa kuwa elektroliti inayopitisha elektroni ni mbovu. Tuseme “kupitisha ioni” au “kupitisha elektroni”, kila moja mahali pake.

Wapo wanaodai Kiswahili hakiiwezi sayansi. Hapa istilahi zilikuwepo tayari. Uvivu ulikuwa wetu. Mwanafunzi wangu aliandika upya: “Selulosi iliyotiwa shaba hupitisha ioni za lithiamu lakini huzuia elektroni.” Maneno kumi tu, na betri ikapona.