Masimulizi ya wazee wetu yasiishie kabatini: kwa nini mwanahistoria kijana anahitaji wa kumshika mkono

Huenda imewahi kukutokea. Kijana wa chuo anafika kijijini, tuseme Kitaya au Msimbati, na daftari na simu ya kurekodia. Anaomba kuzungumza na babu. Anamuuliza habari za reli iliyotoka Mtwara kwenda Nachingwea enzi za mradi wa karanga, au za wakimbizi waliovuka Mto Ruvuma vita vya ukombozi wa Msumbiji vilipoanza mwaka 1964. Babu anasimulia mpaka jua linazama. Kijana anashukuru, anaaga. Baada ya hapo, kimya.

Leo tunaeleza maneno ya babu yanakwenda wapi, na yanakwama wapi.

Tasnifu siyo mwisho wa safari

Kijana akimaliza utafiti anaandika tasnifu. Walimu wake wanaisahihisha, anahitimu, na tasnifu inabaki maktaba ya chuo. Ili wanahistoria wengine waijue, sehemu yake inabidi itoke kama makala katika jarida la kitaaluma. Mfano ni Tanzania Zamani la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au Journal of African History, linalotoka Uingereza tangu mwaka 1960.

Majarida hayo hayapokei kila kinacholetwa. Mhariri huwapa makala wataalamu wawili au zaidi, mara nyingi bila kuwaambia ni ya nani. Wao husema ichapwe, irekebishwe au ikataliwe. Shughuli hiyo yaweza kuchukua mwaka au zaidi.

Hapa ndipo wengi wanapoachia njiani. Kijana aliye peke yake akiletewa kurasa tatu za kasoro, anadhani amefeli. Anafunga faili, anaendelea na kazi nyingine. Mwenye mlezi anaambiwa: "Mwanangu, kuambiwa urekebishe ni habari njema, mlango bado uko wazi. Kaa chini, jibu hoja moja baada ya nyingine."

Dar es Salaam walilifanya hili

Wengi wetu tulisoma shuleni tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969. Miaka hiyohiyo, Idara ya Historia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliwatuma wanafunzi vijijini kuwahoji wazee walioyajua Maji Maji. Walichoandika kilikusanywa na idara, hakikuachwa kipotee.

Kati ya vijana wa wakati huo alikuwemo Gilbert Gwassa, aliyetafiti vita hivyo. Yeye na mwalimu John Iliffe walitoa pamoja kijitabu cha kumbukumbu za Maji Maji. Mwaka 1969 Isaria Kimambo na Arnold Temu walihariri kitabu A History of Tanzania, na sura moja ilikuwa ya Gwassa. Mwaka 1972 ikatoka sura yake nyingine, kuhusu Kinjikitile wa Ngarambe.

Tasnifu yake ya udaktari ni ya mwaka 1973. Ilitoka kama kitabu mwaka 2005, huko Ujerumani. Ni miaka 32! Lakini zile sura fupi zilikuwa zimekwishatangulia, na waliosoma Maji Maji duniani walikwishamjua. Ndiyo faida ya kijana kupewa nafasi mapema.

Kwa nini linatuhusu huku kusini

Mwaka 2008 Felicitas Becker, mwanahistoria wa Ulaya, alitoa kitabu kuhusu kuenea kwa Uislamu Tanzania bara, na sehemu kubwa ni habari za Lindi na Mtwara. Ni kazi ya heshima. Lakini kijana aliyekua akisikia Kimakonde jikoni kwa bibi yake anajua pale bibi anapotania, anapoficha jambo, na anaponyamaza kwa makusudi. Hayo naye anayo ya kuiambia dunia, na asipochapisha, wataendelea kutusimulia wengine peke yao.

Mlezi mzuri hamwandikii kijana. Anamsaidia kuchagua swali moja kutoka tasnifu nzima, maana makala haibebi yote. Anamwonyesha jarida linalofaa, na kumkumbusha kutopeleka makala moja kwa majarida mawili kwa wakati mmoja. Anasoma rasimu kabla ya mhariri. Pia anamtahadharisha na majarida ya kitapeli, yanayodai pesa na kuahidi kuchapa ndani ya siku chache bila mtaalamu yeyote kusoma.

Wewe unaweza kufanya nini

Akija kijana kumhoji mzee wako, mpokee, kisha muulize: kazi hii itachapwa wapi, na nani anakuongoza? Mwombe alete nakala kijijini. Na kama ni mwanao aliyehitimu na tasnifu yake imelala kabatini, mwambie arudi kwa mwalimu aliyemsimamia, amwombe wakae pamoja waitoe makala moja.

Reli ya Mtwara ilifungwa mwaka 1962. Aliyekuwa na miaka 10 alipoliona treni la mwisho, leo amevuka 70. Tusichelewe.